Muziki wa Hawaii Japani: gitaa la nyuzi legevu au ukulele?

Ukulele, gitaa dogo la Hawaii, ina nyuzi nne tu, inabebeka, na mwanagenzi hupata wimbo mapema. Ndiyo maana imeota mizizi zaidi Japani. Ndugu wawili wa ukoo wa Haida, wazaliwa wa Honolulu, waliupigania muziki wa Hawaii nchini humo tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1959 Yukihiko, kaka mkubwa, akaanzisha chama cha wapiga ukulele. Siku hizi ala hiyo imetoka kabisa kivulini mwa minazi: Tsuji Ayano huimbia nayo pop ya Kijapani, na kina dada wa kundi la Petty Booka waliichanganya na kantri, muziki wa mashambani wa Marekani. Tamu, ingawa mara nyingine Hawaii yenyewe huisikii tena.

Gitaa la nyuzi legevu (slack key), mtindo wa Kihawaii wa kupiga gitaa la kawaida, ni shughuli nyingine. Mpigaji hulegeza nyuzi, kwa mfano kwenye noti D-G-D-G-B-D, ili zikipigwa wazi, bila kubanwa kwa vidole, zitoe kodi (chord) ya G, yaani noti zinazopatana zikilia pamoja. Kidole gumba kinashika besi huku vingine vikitembeza melodia. Hawaii, mitindo ya kulegeza ilikuwa siri ya familia, kwa hiyo Mjapani aliyeitaka alilazimika kumfuata mwalimu. Yuki Yamauchi alijifunza kwa Raymond Kane, mmoja wa mabingwa wa mtindo huo, na upigaji wake hauna haraka.

Kwa karamu, chagua ukulele. Kwa kusikiliza peke yako usiku, mimi nalichukua gitaa bila kusita.