Karatasi za kushonea kwilti: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwa anayeshona kwilti (blanketi la viraka) kwa njia ya karatasi, yaani kushonea viraka nyuma ya karatasi yenye mchoro kisha kuichana, karatasi nzuri ni ile inayoonyesha mstari na kitambaa kwa pamoja, inayovumilia sindano na pasi, kisha inachanika bila kuvuta mshono. Wauzaji husifia sifa ya kwanza tu. Ndiyo maana wengi hurudi nyumbani na karatasi angavu kama kioo, halafu wakati wa kuitoa inang'ang'ania mpaka stichi zinaachia.

Kwa hiyo usinunue kwa jina, nunua kwa uzito. Kati ya gramu 40 na 55 kwa mita ya mraba uko salama. Chini ya 30 karatasi huanza kuchomoka kabla bloku (kipande kimoja cha mraba cha kwilti) haijaisha. Ikipita 80, andaa kucha na subira. Pakiti isipoonyesha uzito, chukua mizani ya jikoni: kurasa 16 za A4 ni mita moja ya mraba, kwa hiyo uzito wake kwa gramu ndio jibu lenyewe.

Faida ya kuona upande wa pili ni hii. Mchoro uko juu ukikutazama, kitambaa kiko chini, na unashona ukifuata mstari ukiwa hukioni kitambaa. Karatasi ikipitisha nuru, unajua kama kiraka kimevuka mstari na kimebakiza akiba ya mshono (ukingo wa kitambaa nje ya mstari) ya robo inchi, yaani milimita 6, kabla hujakanyaga cherehani. Kwa kitenge chenye maua makubwa ni zaidi ya hapo: unalipeleka ua katikati ya pembetatu badala ya kubahatisha.

1. Tresing nyepesi, gramu 40 hadi 45

Hii, karatasi angavu ya kunakilia michoro, ndiyo ya kwanza, hasa kwa bloku zenye viraka vidogo vingi. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya wasanifu majengo na wachoraji, kwa kurasa au kwa roli. Angalizo: daftari za tresing za steshenari mara nyingi ni nzito, gramu 90 hivi, kwa hiyo omba nyepesi na uijaribu palepale. Weka kurasa mbili juu ya gazeti. Ukisoma maandishi madogo, inatosha. Chana kona: ichanike moja kwa moja bila kukaza. Itikise: ikilia kama nailoni ngumu, irudishe.

Roli hushinda kurasa kwa bei karibu kila mara. Lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 45 hutoa vipande zaidi ya 200 vya ukubwa wa A4. Gawa bei kwa 200 kisha linganisha na pakiti ya kurasa iliyo pembeni.

Ubaya wake ni unyevu. Tresing hunywa maji ya hewani na kujikunja mawimbi, na kwa Mombasa, Tanga au Unguja hilo si jambo dogo, kwa sababu mchoro ulionyooka asubuhi unaweza kuwa umepinda jioni. Ihifadhi ikiwa imelala ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Pasi nayo huikausha ghafla ikasinyaa, kwa hiyo piga pasi kavu, bila mvuke, kwa upande wa kitambaa, kwa kubonyeza badala ya kusugua.

Kuichapa ndiko kunakosumbua zaidi. Printa ya leza huipasha moto, inajikunja na kukwama. Maduka mengi ya fotokopi yatakukatalia, na wana haki yao. Printa ya wino inaikubali ukilisha ukurasa mmoja mmoja kwa trei ya nyuma. Ikikataa kuvuta, bandika ukingo wa mbele kwa selotepu juu ya karatasi ya kawaida ili ziingie pamoja (kwa printa ya wino tu, kwenye leza gundi ya selotepu huyeyuka). Wino haunyonywi haraka, kwa hiyo acha kila ukurasa ukauke dakika 15 bila kurundika.

Kuna njia ya zamani isiyohitaji printa. Chapa mchoro mmoja kwenye karatasi ya kawaida, uweke juu ya kurasa 8 hadi 10 za tresing, bana kwa pini, kisha pitisha mistari yote kwenye cherehani kwa sindano kuukuu isiyo na uzi. Unapata nakala zote kwa mkupuo, mistari ikiwa matundu, na karatasi hukunjika na kuchanika hapohapo kwenye matundu. Andika namba za viraka kwa penseli ya HB. Kalamu ya wino iache mezani. Ikipata joto inaweza kuchafua kitambaa cheupe.

2. Karatasi ya gazeti isiyochapwa, gramu 45 hadi 49

Kwa bei mara nyingi hakuna inayoishinda. Haiangazi kama tresing, lakini ukiinua kazi mbele ya taa au dirisha unaona ukingo wa kitambaa bila shida. Inachanika safi kuliko zote, haitelezi, na printa nyingi huila ikishakatwa sawasawa. Huwa njano ikikaa, jambo lisilokuhusu kwa sababu utaitoa. Waulize wenye mitambo ya uchapaji mabaki ya mwisho wa roli. Gazeti lililosomwa usilitumie kamwe: wino wake huhamia kwenye kitambaa.

Kwa walioko Marekani, pakiti zinazouzwa mahususi kwa washona kwilti, kama ile ya kurasa 100 yenye jina la Carol Doak, ni za jamii hiihii. Unacholipia ni kukatiwa na kuingia kwenye printa bila ugomvi. Kwa mradi mmoja inafaa. Kwa shuka zima, gharama inapanda.

3. Roli la kitanda cha zahanati

Hili ni karatasi nyeupe inayotandikwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Chagua laini, si lile la mikunjo, kwa sababu la mikunjo hunyumbuka na kuharibu vipimo. Saizi ya kawaida ya Marekani ni inchi 21 kwa futi 225, yaani sentimita 53 kwa karibu mita 69, na hapo unakata vipande karibu 450 vya A4. Linapitisha nuru vizuri, ila ni jepesi: liandikwe kwa mkono, na stichi zisiwe ndogo mno. Nguvu yake ni bloku kubwa.

4. Karatasi ya fotokopi, gramu 70 au 80

Rimu iko kila duka, na inachapika popote. Haipitishi nuru ya maana. Itakulazimu taa chini ya kioo. Ukiipata ya gramu 70 ichukue kabla ya 80. Ikikataa kuchanika, pitisha brashi yenye maji kidogo juu ya stichi, mradi mchoro haukuchapwa kwa printa ya wino.

5. Karatasi ya kuokea keki

Inaangaza na haiogopi pasi, lakini ina silikoni. Gundi ya kijiti haishiki, pini zinahama, penseli inateleza. Ni ya dharura tu.

Za kuacha kabisa: karatasi ya nta, kwa sababu nta huyeyukia kwenye kitambaa na pasi, karatasi laini ya kufungia zawadi, inayochanika sindano ikigusa tu, na tresing nzito ya gramu 110, ambayo ni ghali na hufaa kwa violezo, si kwa kushonewa.

Kabla hujalipia roli zima

Kata kipande kimoja, shona sentimita 10 kwa sindano namba 14 na stichi ya milimita 1.5 hadi 1.8, kisha kunja kwenye mshono na uchane huku ukibana stichi kwa kidole gumba. Karatasi ikitoka na uzi ukabaki umekaza, nunua. Ikiachia yenyewe wakati wa kushona, ongeza stichi hadi 2 na ujaribu tena kabla ya kuikataa.

Pima pia bloku zako. A4 ina upana wa milimita 210, hivyo bloku ya inchi 7 pamoja na akiba (milimita 190) inaingia, lakini ya inchi 8 inahitaji milimita 216 na haiingii. Ukishona inchi 8 kwenda juu, roli halina mbadala, labda uunganishe kurasa.

Michoro mingi ya mtandaoni imepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana kuliko A4 kwa milimita 6. Printa ikiachwa ijipimie, hupunguza mchoro hadi karibu asilimia 97. Bloku ya inchi 6 inapoteza milimita 4, na safu ya bloku nne inapungua milimita 17, kisha unashangaa mpaka wa pembeni haulingani. Chagua asilimia 100, halafu pima kwa rula kile kisanduku cha kupimia cha inchi moja kilichochapwa kwenye mchoro: lazima kisome milimita 25.4.

Kwa blanketi la mtoto la bloku 30 za inchi 6, kila moja ikiwa na mchoro wa kipande kimoja, nunua kurasa 33. Mchoro uliogawanywa sehemu tatu au nne mara nyingi hauenei ukurasa mmoja, kwa kuwa kila sehemu hudai akiba yake pande zote. Hesabu kurasa 66.