Kuprinti picha nyeusi na nyeupe nyumbani: uzoefu wangu hapa Nairobi

Naanza na jibu maana najua kuna wenye wanasoma hii wakiwa tayari wamesimama dukani Luthuli: ndio, printa ya wino ya nyumbani inaweza kukutolea picha nyeusi na nyeupe ya kuweka ukutani na wageni wakaiangalia mara mbili. Lakini ile kijivu laini na safi kabisa, isiyo na vitone wala dalili ya rangi yoyote, sahau kama printa yako haina wino wa kijivu ndani. Mimi niliacha kuitafuta na tangu hapo picha zangu zimekuwa poa zaidi.

Yangu ni ya matangi, zile unajaza wino kwa chupa, wino sita: mweusi, saiyani (buluu ya kukaribia kijani), majenta (pinki iliyokolea), manjano, halafu saiyani hafifu na majenta hafifu. Inaishia A4. Modeli siitaji kwa sababu haya nitakayoyasema ni tabia ya karibu zote za aina hii. Niliichukua kwa ajili ya picha za familia, tuko na albamu ya shosho imejaa picha za studio za zamani, zile za mtu amesimama wima mkono uko kwenye kiti na nyuma kuna pazia lililochorwa maua, na kila anti anataka nakala yake na anaitaka kubwa. Kupeleka tao kila moja ni pesa, na tena maduka kadhaa niliyojaribu ukiwapa faili nyeusi na nyeupe wanakurudishia kitu cha zambarau na wanakuambia "kastoma, hivyo ndio huwa".

Sasa hiyo zambarau inatoka wapi. Wengi hudhani picha ya aina hii inatumia wino mweusi peke yake. Wapi. Printa inachanganya rangi zake zote ndio ipate kijivu, mweusi unaingia zaidi kwenye sehemu za giza, na zile hafifu mbili zinabeba sehemu za mwanga kama shavu na ukuta. Mchanganyiko ukiegemea upande mmoja hata kidogo tu jicho linaona, kwa picha ya rangi ungepita bila kugundua lakini kwa kijivu hakuna pa kujificha. Na nyinyi wa printa za wino nne, zile za ofisi na saiba, kwenu ni ngumu zaidi: kwa nyingi za hizo wino mweusi ni wa pigmenti, yaani wa chembe ndogo za rangi, umetengenezewa maandishi, haukamati vizuri kwenye karatasi inayong'aa, kwa hivyo ukichagua karatasi ya picha printa inauweka pembeni na nyeusi yako yote inapikwa na rangi tatu. Ndio maana suti nyeusi ya mjomba inatoka na ukahawia usioeleweka.

Kwenye setingi kuna kale kasanduku ka kutiki ka kuprinti bila rangi. Nilikajaribu kwanza, kama kila mtu. Kwa printa yangu kanategemea sana wino mweusi, na kijivu chake kweli hakina rangi, lakini ukisogeza picha karibu na uso unaona vitone, hasa angani na kwenye kanzu nyeupe, ni kama mtu amenyunyizia pilipili manga. Kwa picha ya mtaani yenye chengachenga zake tayari, sawa, hata inapendeza. Kwa sura ya mtu, hapana.

Halafu kuna stori ya mwanga, hii ndio ilinisumbua kuliko zote. Kuna picha ya shosho akiwa na leso mabegani, niliiprinti usiku chini ya taa ya sebuleni ikatoka kijivu kimetulia, nikasema hii imekubali. Asubuhi nikaisimamisha dirishani, leso yote iko na kijani. Nikairudisha chini ya taa, kijani hakuna! Macho hayana shida, ni vile wino za rangi hurudisha mwanga tofauti kulingana na taa inayozimulika, na kijivu kilichopikwa na rangi ndicho huumbuka haraka. Kwa hivyo siku hizi kabla sijasema picha ni nzuri au mbaya naipeleka kwenye ukuta itakapokaa, saa ile watu huwa wanakaa hapo, basi. Picha ya koridoni yenye balbu ya LED ya bei ya chini siihukumu dirishani.

Na dawa niliyoipata ni kuacha kupigana na kijivu. Kabla ya kuprinti naipaka picha yenyewe joto kidogo, ukahawia wa mbali sana, sio ile sepia ya kadi za harusi, kidogo tu hadi mtu asiyeambiwa hajui, halafu naituma kama picha ya rangi bila kutiki kale kasanduku. Kijivu kikiwa tayari kimeegemea upande wa joto, printa ikiyumba kidogo au taa ikibadilika jicho linaona tu joto limeongezeka au limepungua, halioni kijani wala zambarau. Na bahati nzuri picha za zamani zenyewe zimegeuka hivyo kwa miaka, kwa hivyo hakuna anti hata mmoja amelalamika.

Ila hata rangi ikikaa sawa bado kuna sura za watu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu maelezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wanaoprinti sura za wazungu. Sisi ngozi zetu ziko kwenye ile robo ya giza ya picha, pale pale ambapo printa huanza kumeza. Kwenye skrini unaona mstari wa taya, unaona kivuli chini ya macho, unaona nywele zimetengana na ukuta. Ikitoka kwenye karatasi ni doa moja lenye meno. Skrini inawaka yenyewe, karatasi inangoja mwanga wa chumba. Kwanza shusha mwangaza wa laptopu, yangu huwa karibu nusu, ndio usidanganyike. Pili, kama picha ni ya rangi na unaigeuza, usiiachie printa iigeuze, fanya mwenyewe. Snapseed ni ya bure na iko kwenye simu, kwenye sehemu yake ya nyeusi na nyeupe kuna filta za rangi, chukua nyekundu au ya machungwa uone vile sura inafunguka, ngozi yetu hurudisha nyekundu nyingi kuliko buluu kwa hivyo filta hiyo inainua uso bila kuharibu shati. Kuwa makini na midomo tu, ikizidi inapotea. Tatu, inua vivuli kidogo kupita vile roho inataka. Kwenye skrini itaonekana imepauka, usijali.

Ili nisimalize karatasi mimi hukata kipande cha uso peke yake nikakipanga mara kadhaa kwenye A4 moja, kila kimoja vivuli vimeinuliwa tofauti, na chini naweka ngazi ya kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kwenye ile ngazi utaona vyumba vya mwisho vimeungana vyote vikawa nyeusi moja, hapo unajua printa yako inamezea wapi na ya kwako haitakuwa sawa na yangu. Nachukua kalamu nazungushia kipande kilichokubali, naandika setingi nyuma ya karatasi. Hiyo karatasi imeokoa pesa kuliko kitu kingine chochote kwenye hii biashara yote.

Kama una picha kutoka kwa ndugu, mwambie asitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa. Atume kama dokumenti. A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka karibu pikseli 2480 kwa 3508, na picha ya sentimita 10 kwa 15 karibu 1200 kwa 1800.

Karatasi sasa. Inayong'aa ndiyo inatoa nyeusi nzito zaidi na wino wa printa yangu, lakini ukiitundika mkabala na dirisha unajiona wewe badala ya shosho. Mimi nimehamia ile ya kung'aa nusu, yenye uso wa chembechembe, gramu 260 kwa mita ya mraba, inashikika kama picha ya studio na alama za vidole hazionekani sana. Zile nyepesi za gramu 180 ni sawa kwa majaribio. Isiyong'aa kabisa ni nzuri kwa mkono lakini nyeusi yake inakuwa ya mkaa, sura za giza zinazama zaidi. Karatasi za pamba kama za Hahnemühle ni tamu kweli ila kwa bei ya shiti moja unaweza kupata pakiti nzima ya ile ya kawaida River Road, sijaona sababu kwa picha ya familia. Na kwa zile pakiti zisizo na jina lolote, chagua kwenye printa aina ya karatasi iliyo karibu nayo, usiache kwenye karatasi ya kawaida, utapata matope.

Kuhusu stima, hii hakuna mtu aliniambia dukani: zima printa kwa kitufe chake, usizimie kwa soketi. Ikizimwa vizuri kile kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake na wino haukauki. Kwetu stima hupotea bila hodi na kichwa kinabaki uchi katikati, kwa hivyo ikirudi kitu cha kwanza ni kuiwasha na kuizima tena hata kama hutaki kuprinti. Na angalau kila wiki toa kitu chenye rangi zote. Tundu moja la majenta hafifu likiziba, picha ya rangi unaweza usijue, nyeusi na nyeupe inatoka na mistari ya kijani usoni. Printi ukaguzi wa matundu kabla ya picha kubwa, inatumia wino kidogo sana kuliko kurudia A4.

Picha ikitoka usiikimbize kwa fundi wa fremu. Iache ilale wazi usiku mzima, rangi inatulia, na ukiifungia kioo ikiwa bado na unyevu inaganda nacho. Mwambie fundi aweke kadibodi ya pembeni ili karatasi isiguse kioo. Wangu aliniuliza "kaka, hii umetolea studio gani?" nikajibu ya nyumbani, hakuamini hadi akaigeuza nyuma.

Mwenye anataka kuuza au kuweka maonyesho, hii yangu haitoshi, tafuta zenye wino wa kijivu. Epson L8160 na L8180 ni za matangi na zina chupa ya kijivu, Canon PRO-200 ina kijivu na kijivu hafifu, na Epson P700 ina wino kumi na setingi yake maalum ya nyeusi na nyeupe ambapo unachagua joto au ubaridi. Hizo ni bei nyingine na wino ni bei nyingine, piga hesabu na wino kwanza.

Na kwa wenye mko na sita kama mimi, msidanganyike na neno nyeusi mkanunua chupa za akiba za mweusi. Wangu bado uko juu kwenye tangi. Saiyani hafifu na majenta hafifu ndizo zinashuka kama kuna mtu anakunywa, na wino wa kubahatisha niliouziwa na duka moja tao ulirudisha ile zambarau siku hiyo hiyo, kwa hivyo hizo mbili nunueni orijino na mnunue kabla hazijaisha.