Gari la spoti la mtumba: lenye tabo au lisilo na tabo?

Kabla hujaniuliza tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) au bila tabo, niambie unaishi wapi. Kaka wa Mbeya na dada wa Tanga wakiagiza magari mawili ya aina ya Toyota 86, ya mwaka mmoja, yakashuka kwenye meli moja, hawatakuwa wamenunua gari lenye nguvu sawa. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na injini inayovuta hewa yenyewe, yaani isiyo na tabo, haina mahali pa kupata hewa ya ziada. Nguvu za farasi 200 zilizoandikwa kwenye karatasi ya Japani zinabaki kama 165. Nairobi ni hivyo hivyo, Iringa na Kigali zinafuata kwa karibu. Tabo inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu huo inafidiwa. Kwetu Afrika Mashariki sioni hoja nzito kuliko hii ya kununua gari lenye tabo, lakini ukienda yadi muuzaji atakusifia rimu na mlio wa ekzosi, na mwinuko wa mji wako hataugusa.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo inatokana na neno moja: mtumba. Gari jipya la tabo ni jambo tofauti kabisa. La mtumba unanunua pamoja na tabia ya aliyelitumia.

Fikiria tabo inavyofanya kazi. Gesi za moto zinazotoka kwenye injini zinazungusha panga dogo, na panga hilo limeunganishwa kwa ekseli fupi na panga jingine linalosukuma hewa kuingia. Mzunguko unavuka mara 100,000 kwa dakika. Kwenye tabo nyingi ekseli hiyo haibebwi na gololi, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Mwenye gari akichelewesha kumwaga oili, akinunua ya bandia kwa kukimbilia bei, au akipanda mlima kwa fujo kisha akazima injini palepale alipofika, oili iliyobaki ndani ya tabo inaungua na kugeuka masizi. Hakuna taa itakayowaka siku hiyo. Gari litaendelea kutembea vizuri kwa miezi, hata mwaka, na bili itamfikia mnunuzi wa pili.

Mimi nilikuwa huyo mnunuzi wa pili. Gari lilikuwa linang'aa, ndani linanukia upya, dalali ananiapia kwa Mungu. Mwezi wa nne, nikipanda mlima Kitonga, likaanza kupiga mluzi, kisha moshi wa bluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma. Fundi alipofungua bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo alikuta limeziba kwa tope jeusi. Tabo ilikufa kwa kiu huku sampu, bakuli la oili chini ya injini, ina oili imejaa mpaka alama ya juu. Nililipa tabo, nikalipa kusafisha injini yote, na tangu siku hiyo sijamwangalizia mtu gari bila kuanza na oili.

Injini isiyo na tabo nayo inaharibiwa na uzembe, ila ina subira zaidi. Haina joto lile, haina mabomba yale ya mpira yanayopasuka, na pistoni zake hazikandamizwi kiasi kile. Kwa sababu hiyo orodha yangu hapa chini haifuati kasi. Inafuata uwezekano wa wewe kuwa bado unaliendesha na kulifurahia baada ya miaka mitatu.

1. Toyota 86 na Subaru BRZ

Ni gari moja lenye nembo mbili, lilianza kuuzwa 2012. Injini ni ya silinda nne zilizolala, cc 1,998, bila tabo, inavuta magurudumu ya nyuma. Uzito wake ni kama kilo 1,230 tu, na hapo ndipo utamu ulipo: usukani unakuambia kila kitu kuhusu barabara. Inapenda kuzungushwa, nguvu zinakuja juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika, na katikati, kuanzia kama 3,500 hivi, kuna sehemu inalegea. Wengi hudhani gari ni bovu. Ndivyo lilivyotengenezwa.

Tafuta la kuanzia nusu ya pili ya 2016. Toleo hilo la giaboksi ya mkono liliongezwa nguvu kidogo, farasi 207. Ukikuta la 2012 au 2013, uliza kuhusu wito wa kiwandani wa mwaka 2018 wa kubadilisha springi za valvu. Kazi hiyo inataka injini ifunguliwe, na baadhi ya magari yalipata hitilafu baada ya kufungwa vibaya, hivyo taka karatasi inayoonyesha ilifanyika lini na limetembea kilomita ngapi tangu hapo. Mlio kama wa nyenje unaotoka juu ya injini ni pampu ya mafuta yenye mgandamizo mkubwa, usiogope. Kinachosumbua kwetu ni kimo: tumbo liko sentimita 13 kutoka chini, na matuta yetu mengi yamejengwa na mtu asiyewahi kuona gari la namna hii. Viti vya nyuma ni vya begi na watoto wadogo.

2. Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba

Hili ndilo gari la tabo ninalolipendekeza bila kigugumizi, na kwa mtu wa Nairobi, Limuru, Mbeya au Njombe ningeliweka la kwanza. Injini ya lita 2, farasi 220, lakini namba ya kuangalia ni torki, yaani nguvu ya kusokota magurudumu: nyutoni-mita 350, tena kuanzia mizunguko 1,500. Toyota 86 ya mwanzo ina 205, na mpaka uipate lazima uvuke 6,000. Kwenye barabara ya milima yenye malori tofauti hiyo unaisikia mgongoni. Unagusa tu, umeshampita.

Kuna watu watano ndani, buti ya maana, na yaliyotoka Japani yana usukani wa kulia. Faida nyingine ni kwamba wengi walioyanunua kule walikuwa watu wa familia, wala hawakuyagusa injini. Mambo matatu ya kukagua: kwanza giaboksi ya klachi mbili, oili yake inabadilishwa kila kilomita 60,000, na muuzaji asiyejua hilo hajaibadilisha. Pili, nyumba ya plastiki ya pampu ya maji na themostati, ambayo huanza kuvuja taratibu, kwa hiyo tafuta alama za kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Tatu, masizi kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa sababu mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na hayaoshi valvu. Kusafisha kunawezekana, kunachukua siku ya fundi.

Sharti langu ni moja. Uwe na fundi mwenye mashine ya kusoma Volkswagen ndani ya mji wako. Dar na Nairobi wapo wa kutosha. Kama unakaa wilayani na fundi wa karibu anajua Toyota pekee, rudi namba 1.

3. Mazda Roadster, kizazi cha nne

La kuanzia 2015, lile la Japani lenye injini ya lita 1.5. Farasi 131, na usicheke, kwa sababu lile jepesi kabisa lina kilo 990. Ni chini ya saluni nyingi unazopishana nazo. Injini haina tabo, inatumia cheni badala ya mkanda, na oili ikibadilishwa kwa wakati haina ugonjwa wa kukupotezea usingizi. Mtu wa pwani anayetaka barabara ya Bagamoyo asubuhi ya Jumapili hatapata raha kubwa zaidi kwa fedha hizo. Ila Mbeya zinabaki farasi kama 107, na ni watu wawili tu. Paa la turubai likague mikunjo yake kwa mkono, jua letu linalikausha.

4. Subaru WRX STI

Najua kuna waliosoma kuanzia juu wakitafuta jina hili, na nawaelewa, maana nami nimekulia kwenye mapenzi hayo. Dereva wa mbio Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Subaru Impreza, na watoto waliokuwa kando ya barabara Kenya mwaka ule leo ni watu wazima wenye mishahara. STI ya Japani ina injini ya lita 2 yenye farasi 308 na nyutoni-mita 422, inavuta magurudumu yote manne. Kwenye tope na changarawe hakuna gari katika orodha hii linaloikaribia.

Basi kwa nini namba 4? Kwa sababu ni gari la spoti linalochezewa kuliko yote. Injini yake imefungwa kiwandani ikitegemea petroli ya Japani yenye oktani (kipimo cha petroli kutowaka kabla ya wakati) 98 hadi 100, na pampu zetu nyingi hazifiki hapo. Ukijaza mafuta ya chini na mtu tayari ameongeza presha ya tabo kwa kompyuta, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati, pistoni inapigwa kutoka juu, na kuta nyembamba zinazoshika ringi zinapasuka. Toleo la lita 2.5 lililouzwa nje ya Japani linajulikana zaidi kwa ugonjwa huo, lakini hata la lita 2 halina kinga dhidi ya ujinga. Mkanda wa taimingi ubadilishwe ukifika kilomita 100,000. Ukikatika kwenye injini hii, valvu na pistoni zinakutana.

Chagua ambalo halijaguswa kabisa. Ukiona mashimo ya skrubu kwenye nguzo ya kioo cha mbele, hapo palikuwa na geji ya presha. Filta ya hewa ya duka, valvu inayopiga chafya, ekzosi pana, vyote ni alama. Mwenye gari akishavirudisha vya kiwandani kabla ya kuuza, mashimo yanabaki. Na mlioko Kenya muda unawabana: sheria haipokei gari lililozidi miaka 8, na injini hii ilifungiwa uzalishaji baada ya miaka 30, na oda za mwisho za STI kule Japani zilipokelewa mwishoni mwa 2019.

5. Nissan Fairlady Z ya lita 3.7

Hili ni jibu lingine la tatizo la mwinuko: badala ya tabo, weka injini kubwa. Farasi 336 zinabaki kama 275 Nairobi, bado ni nyingi kuliko Golf. Kwa mchoro wake injini ni imara. Kwenye za miaka ya mwanzo kuna gaskiti za njia ya oili nyuma ya kifuniko cha cheni ambazo huchoka, presha ya oili ikashuka, na silinda ndogo ya klachi iliyojificha ndani ya giaboksi hufa mapema. Imeshuka mpaka huku chini kwa sababu ya gharama. Petroli utaijua, na kwa Tanzania ushuru wa bidhaa unaangalia ukubwa wa injini: ukizidi cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, ukizidi hapo ni 10. STI yenye nguvu karibu sawa inalipa kama 86, kwa kuwa zote mbili haziivuki cc 2,000.

Mitsubishi Evolution X ningeiacha. Ni gari kali, lakini uzalishaji umekwisha, na giaboksi yake ya klachi mbili ikileta kesi, spea utaisubiri kwa bei ya kuumiza. Mwenye familia anayetaka kasi bila tabo aangalie Toyota Mark X ya lita 3.5, farasi 318, milango minne, na spea unazipata.

Kukagua

Karatasi ya mnada wa Japani isomwe kabla ya bei kujadiliwa. Daraja la R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kwa gari la tabo, lipia kipimo cha mgandamizo wa kila silinda. Ukikuta moja iko chini ya wenzake waziwazi, ondoka hata kama umelipenda. Mwambie fundi afungue bomba la hewa linaloingia kwenye tabo, ashike ncha ya panga kwa vidole: kuchezacheza kidogo kulia na kushoto ni kawaida, kuingia na kutoka si kawaida. Unyevu kidogo wa oili kwenye bomba la baada ya tabo usikutishe, oili inayodondoka ndiyo tatizo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, ni kulanti.

Ukiamua kuchukua la tabo, tenga robo ya bei yake pembeni kabla hujalipa, kisha mwaga oili kila kilomita 5,000, sintetiki halisi, kutoka duka linalokupa risiti.

La mwisho ni la asubuhi. Mwambie muuzaji asiwashe gari, utafika saa kumi na mbili. Ukifika weka mkono juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, kuna mlio au moshi wa injini baridi ambao hakutaka uukute. Mwombe radhi, panda bodaboda urudi nyumbani, na umwambie utakuja tena kesho.