Asali ya chuoni hapa Tabora: nimeionja, nimeipima, na foleni nimeipanga

Nimeuza asali stesheni ya Tabora miaka kumi na minne. Nainyanyua chupa mpaka dirishani mwa behewa, napokea hela gizani, nahesabu chenji huku nikikimbia, maana treni ina saa zake. Kwa hiyo mtu akinisifia asali, namsikiliza tu. Nitasema langu nikishatia kidole.

Hii ya chuoni, inayouzwa na chuo chenyewe, aliniambia binti yangu, anasoma hapo mwaka wa pili. Jina la chuo naliacha. Nina ya kusifu na ya kulalamika, na mtoto bado ana mwaka mmoja mbele yake.

Asali yenyewe kwanza. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, kama ilivyo asali nyingi ya misitu yetu ya miombo. Haina vipande vya nta wala miguu ya nyuki inayoelea. Ukiimimina inashuka uzi mmoja bila kukatika, na ule uzi unajikunja juu ya asali kabla haujazama. Mdomoni ni tamu kwanza, halafu inakwaruza koo kidogo, halafu inatulia. Wala haina moshi.

Hapo kwenye moshi ndipo nitakapogombana na wateja wangu. Asali niliyokulia, ya mizinga ya marehemu baba, ilikuwa na moshi ndani yake. Alipanda mtini usiku na mwenge wa magome, majivu yakaingia, masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, yakakamuliwa pamoja na ya asali, ikatoka nzito yenye ukungu. Sisi tukaita hiyo ndiyo asali ya kweli. Mpaka leo kuna abiria anaonja hii safi, anauliza, "Mama, mbona hainuki moshi, umechanganya sukari?" Nacheka tu. Wengine wananiwashia njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali, eti wanapima. Njiti inawaka au haiwaki kwa sababu ya maji, na asali iliyotiwa sukari nzito nayo inawaka vizuri tu. Na ikiganda chupani msiirudishe. Kuganda ni tabia ya asali. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, iache, itayeyuka. Usiibandike jikoni ukaichemsha, utaua harufu yake yote.

Bei sasa. Hapa nilitaka kupigana na kijana wa watu anayeuza pale. Nilikwenda na chupa yangu ya lita moja. Bango linasema kilo moja elfu kumi, nami nikaandaa noti moja ya elfu kumi. Akaipima chupa tupu kwanza, akaandika uzito wake, akajaza, akapima tena, akaniambia elfu kumi na nne. Nikamwambia, "Mwanangu, usinichezee, nimekuzidi umri na biashara." Akanigeuzia mzani nione. Kilo moja na gramu mia nne kweli. Asali ni nzito kuliko maji, lita yake haiwi kilo, na mimi miaka yote nauza kwa chupa sikuwahi kuipandisha mzanini. Ukitaka kulinganisha na mtaani, linganisha hivyo. Mtaani chupa ya lita naipata kwa elfu kumi na mbili, kwa hiyo ya chuo imezidi elfu mbili. Mimi nalipa hiyo tofauti, na sababu nitaisema.

Jambo la chombo chako mwenyewe nimelipenda sana. Hawauzi kwenye chupa za maji zilizookotwa, kama tunavyofanya wengi wetu stesheni, na mimi nimo. Ulete chako, au ununue chupa ya kioo pale, ukiirudisha nzima wanakupa hela yako. Tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, Juni 1, 2019, tulijifunza kubeba vikapu. Hili la chupa naona tumechelewa tu.

Niliomba nione mizinga inakotundikwa. Kijana akaniambia twende, lakini tusipite upande wa jua kali wala nisivae kanga nyeusi. Nyuma ya mabweni kuna kipande cha pori ambacho chuo kiliamua kukiacha na kutundika mizinga ya mbao, ile ya sanduku yenye vibao juu. Nyuki wanajenga sega kwenye kila kibao, unainua kimoja kimoja, unachukua lililozibwa kwa nta, lenye majana unalirudisha. Hakuna anayeua kundi.

Nilisimama pale nikamkumbuka baba. Mzinga wake ulikuwa wa gome. Alichagua mti mzuri wa mtundu, ulionyooka, akabandua gome mzunguko wote, akalishona liwe kama pipa. Mti ule hauponi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome, ukilivua lote mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Mzinga mmoja, mti mmoja. Na ule uliovuliwa gome ndio uliokuwa ukiwapa nyuki maua. Hatukuwa wajinga, miti ilikuwa mingi. Sasa hesabu na mabani ya Urambo, Kaliua na Sikonge, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa kuni, na mkaa wetu wa mjini, uone kilichobaki.

Katika kipande kile visiki vya zamani vimechipua vyenyewe. Miti ya miombo ndivyo ilivyo, ukiikata ukaiacha inarudi kutoka kisikini na mizizini. Mingine imeshanizidi urefu. Hakuna aliyeimwagilia. Waliokuwa wakikata kuni pale wamehama njia kwa kuogopa kuumwa, basi.

Halafu angalieni upande wa lango kuu. Pale kuna miche iliyopandwa kwa sherehe, na fulana, na wageni, na picha. Kila mmoja una kibao cha jina la mgeni. Nilipopita Agosti vibao vilikuwa vizima vyote, miche mingi ilikuwa imekauka. Tabora mvua ikikatika Aprili hurudi Novemba, nani atabeba ndoo miezi yote hiyo? Kuna na mapipa ya taka ya rangi tatu, binti yangu ananiambia yote yanamwagwa shimo moja. Kwa hiyo nikiulizwa chuo hiki kimefanya nini kwa mazingira, nitakupeleka nyuma ya mabweni. Langoni tutapita tu.

Wanafunzi wengine wanalalamika nyuki wanawafuata bombani wakati wa kiangazi. Ni kweli, kiumbe chenye kiu hakina adabu. Wameweka mabeseni ya maji karibu na mizinga, ndani yake vijiti vya kukanyaga ili wasizame. Siku niliyokwenda mawili kati ya manne yalikuwa makavu. Hilo si la kusubiri mradi, ni la kumtuma mtu na ndoo.

Huduma sasa, na hapa nawapa alama ndogo. Wanafungua Jumanne na Alhamisi tu. Halafu huwezi kumpa kijana hela mkononi, lazima kontroo namba, ile namba ya kulipia hela ya serikali. Kwa chupa moja ya asali! Kijana akaenda ofisi ya uhasibu kuniombea, mhusika ametoka kunywa chai. Nilikaa kwenye benchi dakika arobaini, nyuma yangu watu sita, wawili wakakata tamaa wakaondoka. Nikampigia mwenzangu stesheni anishikie meza. Najua hela ya umma ina taratibu zake, sigombani nazo. Lakini si namba moja ingekaa pale dukani, kila mtu akalipia kiasi chake? Mimi katika dakika arobaini nimeshauza behewa zima.

Nitarudi tu. Mwaka juzi nilinunua ndoo ya lita ishirini kwa mtu wa porini, nzuri kwa macho, bei ya kirafiki. Kumbe ilirinwa mbichi, masega hayajazibwa, maji bado mengi. Nikaijaza chupa, nikaiuzia treni ya Kigoma. Asubuhi simu inaita, abiria yuko Uvinza: kizibo kimeruka, asali imechacha, povu limemwagikia suti aliyokuwa akienda nayo harusini. Sikuwa na la kusema. Nilimrudishia hela yake kwa simu, na suti nikaiombea msamaha.

Hawa wa chuoni wana kakifaa kadogo, unadondoshea tone la asali, unatazama kwenye mwanga, kinakuonyesha kiasi cha maji. Ikifika asilimia ishirini hawaiuzi. Ile elfu mbili ya juu ndiyo kazi yake hiyo.

Ukienda, chombo chako kiwe kikavu kabisa. Mbele yangu dada mmoja alikuja na chupa aliyoisuuza muda uleule, matone bado ndani. Kijana akakataa kumjazia. Dada akafoka, akasema ataenda kununua stesheni. Mimi nimekaa kwenye benchi, kimya, nimeinamisha kichwa asinitambue.