TAHADHARI: Anayeuza boksi la "langalanga maisha" hapa Dodoma sasa anakusanya pesa za safari ya Naivasha

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika kwa mashabiki wa mbio za magari wa Dodoma, Kondoa, Manyoni na Singida, na kwa wenye mabanda ya mpira ambao Jumapili huwa mnatuwekea langalanga, yaani Formula 1. Kuna mtu anatembeza maboksi ya kuangalizia Formula 1, anasema ukilipa mara moja unaangalia maisha yako yote. Ni tapeli. Sisi ametuchukulia shilingi 385,000, na juzi nimesikia sauti yake kwenye kundi jingine la WhatsApp akichukua kishika nafasi cha safari ya kwenda Naivasha, Kenya, kuangalia mashindano ya magari ya Safari Rally. Tafadhali soma mpaka mwisho, halafu mfikishie mwenye banda lako.

Niseme mapema kwamba mimi ndiye niliyempeleka kwa mama mwenye banda letu, Chang'ombe. Mama yule haijui langalanga. Anaionyesha kwa sababu sisi vijana wake tulimwomba, na kwa miaka miwili ametuvumilia hata siku ambazo mpira ungemlipa zaidi. Aliponiuliza, "Mwanangu, huyu mtu unamwamini?" nilimjibu ndiyo. Jibu hilo limeninyima usingizi.

Mnajua hali ilivyo kipindi hiki. Mbio za mwisho za msimu zilikuwa Abu Dhabi tarehe 7 Desemba 2025. Dereva Verstappen akashinda mbio, mwenzake Norris akabeba ubingwa kwa pointi 2 tu, 423 kwa 421. Baada ya hapo ni kimya mpaka mbio za kwanza za 2026, Melbourne, 6 hadi 8 Machi. Miezi mitatu mtu unaishi kwa habari tu: Audi wameichukua Sauber, Cadillac wanaingia kama timu ya 11 na madereva Bottas na Perez, injini mpya ambazo karibu nusu ya nguvu yake ni umeme. Kila mtu kwenye kundi anarusha habari, nusu ya kweli na nusu ya kuokota. Huyu jamaa aliingia kundini kwetu katikati ya Januari, picha yake ya wasifu gari jekundu la Ferrari, na wiki nzima ya kwanza hakuuza chochote. Alikuwa anachangia habari tu kama sisi, tena anajua majina ya madereva wote. Tukamzoea.

Halafu akaanza kututia hofu. Akasema haki za kuonyesha Formula 1 zimenunuliwa na Apple, na DStv wameuzwa kwa Wafaransa, kwa hiyo 2026 hakuna atakayeona mbio kwenye king'amuzi chochote Tanzania. Angalieni alivyoisuka. Ni kweli Apple wamenunua haki za Formula 1 kwa miaka mitano kuanzia 2026, lakini ni za Marekani peke yake. Waliozipoteza ni kituo cha televisheni cha ESPN cha kule. Ni kweli pia Canal+ ya Ufaransa iliichukua MultiChoice, wenye DStv, mwaka 2025. Hapo kilichobadilika ni mwenye kampuni. Alichukua habari mbili ambazo yeyote angeweza kuzithibitisha, akachomeka uongo wake katikati. Aliyekwenda kutafuta alikuta Apple ni kweli, Wafaransa ni kweli, akaridhika. Na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Siku mbili baadaye ikaja ofa. "Wakuu zangu, ofa ya moto kabla taa nyekundu hazijazimika," yaani kabla msimu haujaanza. Boksi 165,000, malipo ya maisha 220,000. Tukachanga watu 11, kila mmoja 20,000, ikatimia ile 220,000. Boksi akanunua mama kwa pesa yake. Kwetu Jumapili ya langalanga ikichangamka huwa tunafika watu 20, kila mtu shilingi 1,000. Pigeni hesabu: 165,000 ni zaidi ya mbio nane banda likiwa limejaa.

Jumatano tarehe 28 Januari alituita mjini, kwenye duka moja la simu katika zile barabara za namba. Baadaye tumekuja kujua duka si lake; aliomba meza kwa siku mbili tu, na mwenye duka naye anamtafuta. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imetoka kukatika, duka limejaa watu. Boksi lenyewe ni dogo, jeusi, linaenea kiganjani, juu limebandikwa karatasi ya 4K. Akalichomeka kwenye televisheni ya dukani, zikaja chaneli zimeandikwa F1 LIVE 1, F1 LIVE 2, F1 LIVE 3. Akabonyeza. Magari yakatokea. Akasema, "Haya ni majaribio ya Barcelona, yanaendelea sasa hivi." Sauti alikuwa ameizima, akidai spika za televisheni ile ni mbovu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kila kitu cha kumkamatia kilikuwa kwenye kioo kile, na mimi ninayejiita shabiki sikukiona.

Kwanza, majaribio ya Barcelona, ya kupima magari mapya kabla ya msimu, tarehe 26 hadi 30 Januari, yalifanyika kwa faragha. Waandishi na mashabiki hawakuruhusiwa kuingia, na matangazo ya moja kwa moja hayakuwepo. Hili nilikuwa nimelisoma. Nilijiambia labda jamaa ana njia zake za pembeni. Pili, magari yalikuwa yanakimbia chini ya taa, anga limeshaanza kuwa la samawati ya jioni. Dodoma saa tisa alasiri, Barcelona ni saa saba mchana. Tatu, kwenye kona ya juu kushoto paliandikwa mzunguko wa 31 kati ya 58. Majaribio hayana idadi ya mizunguko ya kumalizia, kila timu inazunguka inavyotaka. Mizunguko 58 jioni chini ya taa ni Abu Dhabi. Nne, gari la Red Bull la Verstappen lilikuwa na namba 1. Mwaka huu wa 2026 namba 1 anayo Norris kwa sababu ndiye bingwa, na Verstappen amehamia namba 3. Tano, ilipita Sauber ya kijani kibichi kile cha kuwaka, timu ambayo kwa jina hilo haipo tena. Kisha likapita gari la timu ya Williams, na Williams hawakufika kabisa Barcelona.

Vitu vyote hivyo vilipita mbele ya macho yangu kwa muda wa dakika nne hivi, na nilichokuwa nawaza ni kwamba jamani, langalanga imerudi.

Tukalipa. Alitupa namba ya kawaida ya simu, hakuwa na lipa namba. Kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni mke wake, simu yake mwenyewe ina tatizo la laini. Risiti ilikuwa karatasi ya daftari yenye muhuri wa mpira, bila TIN, ile namba ya mlipa kodi. Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akacheka kidogo, akasema mashine iko kwa fundi.

Boksi likafika bandani, likafanya kazi siku tatu. Usiku wa kwanza mama aliwasha akaona magari, akafurahi, akawapigia simu mpaka majirani. Jumamosi nikaenda mwenyewe na kukaa kimya mbele ya televisheni bila kelele za dukani. Nikafungua F1 LIVE 1: mzunguko wa 31 kati ya 58. Nikafungua LIVE 2: ni yale yale, ila yameanzia mbele kidogo. LIVE 3, vile vile. Nikageuza boksi. Ubavuni, chini ya ile karatasi ya 4K iliyokunjwa ikashuka pembeni, palikuwa na tundu, na ndani yake kadi ya memori ndogo kama kucha ya kidole kidogo. Nikaichomoa. Chaneli zote tatu zikawa nyeusi. Nilipoichomeka kadi kwenye kompyuta nikakuta mafaili manne ya video, yote yamehifadhiwa Desemba.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cha kufutia viti mkononi. Hakusema neno. Alienda kuzima televisheni.

Namba ya jamaa haipatikani tangu siku hiyo. Kundini alijitoa mwenyewe Ijumaa usiku. Tumeripoti kituo cha polisi na tumepewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, na namba aliyotumia nimeituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, ile ya kuripotia namba za matapeli. Kwa hiyo jina alilojiita sitaliandika hapa. Huenda hata si lake, na sitaki mtu mwingine mwenye jina hilo asumbuliwe.

Kwa nini anakuja kipindi hiki? Kwa sababu hakuna mbio. Mtu akikuuzia boksi Mei, unasubiri Jumapili, unaona kama linaonyesha au halionyeshi. Akikuuzia Januari ana wiki tano au sita za kupotea kabla hujajua. Majaribio ya Bahrain ni tarehe 11 hadi 13 na 18 hadi 20 Februari, na nina hakika atatumia jina hilo hilo mahali pengine. Mkiletewa boksi, msikubali kuonyeshwa magari. Mwambieni afungue chaneli ya hapa nyumbani saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza, na mlinganishe na televisheni ya jirani. Chomoeni kadi na flashi zote kwanza. Muwashe sauti. Pesa iende kwenye lipa namba yenye jina la biashara, na risiti ya EFD itoke hapo hapo. Anayekimbia mojawapo ya hayo, mwacheni aende.

Na kuhusu neno "maisha": hata boksi za aina hii zinazofanya kazi kweli hazina picha ndani yake. Zinavuta picha kutoka kwenye seva ya mtu mahali fulani kupitia bando lako, na mtu huyo haki ya kuonyesha hana. Seva ikizimwa, boksi linabaki plastiki. Kwa hiyo hata lingefanya kazi, mwenye banda anayetoza kiingilio ndiye angebeba kesi ya hakimiliki, muuzaji hayupo. Sisi hatukulifikiria hilo kabisa, tulifikiria mbio. Kwa sasa tumerudi kwenye king'amuzi halali, tunachangia kifurushi, na asiye na uwezo anaangalia muhtasari kwenye chaneli rasmi ya Formula 1 ya YouTube bila kulipa chochote zaidi ya bando.

Sasa hili la Naivasha, ambalo ndilo limenifanya niandike leo badala ya kusubiri polisi. Safari Rally ya 2026 ni tarehe 12 hadi 15 Machi. Mnajua wazee wetu walivyoipenda rali hii. Ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka leo wapo wanaosimulia vumbi la magari yale. Kwenye kundi moja la mashabiki wa rali kuna mtu anauza safari ya basi: Dodoma, Babati, Arusha, Namanga, mpaka Naivasha, na kulala usiku tatu, kwa 350,000. Kishika nafasi ni 100,000, kabla ya tarehe 15 Februari. Namba ni nyingine na jina ni jingine, lakini ujumbe wa sauti unaanza na "wakuu zangu", na sauti ni ile ile. Nimeisikiliza mara nyingi, nikampa mama mwenye banda aisikilize bila kumwambia ni nani. Akasema, "Ndiye huyu."

Nimemuuliza kwenye kundi basi ni la kampuni gani, linatokea stendi ya Nanenane saa ngapi, na hoteli ni ipi Naivasha. Hakujibu hata moja, na dakika kumi baadaye nilikuwa nimeondolewa. Watu waliokuwa wameshaandika "nimelipa" niliwahesabu saba kabla sijatolewa.

Kama wewe ni mmoja wa hao saba, au una ndugu yako humo, tunza ujumbe wa muamala, usifute mazungumzo, na piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako leo hii hii, maana pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Kama ulinunua boksi, hapa mjini au Singida, njoo nalo bandani Chang'ombe Jumamosi saa nne asubuhi, na kadi yake ikiwa bado ndani. Afisa aliyetupokea ametuambia malalamiko yakiwa ya watu wengi wenye miamala kwenye namba moja, jalada linasogea kwa haraka zaidi. Mpaka sasa tuko sisi na mwenye duka la simu. Mama atakuwepo, ameshasema atachemsha chai.