Kozi ya uzamili ya kukata paterni: ina thamani, ila bloku zao zinaniuma

Nina kibanda cha ushonaji Uhuru Market mwaka wa kumi na moja sasa, na kabla ya hapo nilisomea ubunifu wa mavazi hadi shahada. Kukata nilidhani nakujua. Mwaka jana nikajiandikisha kozi ya uzamili ya ukataji wa kibunifu, masomo ya jioni Jumanne na Alhamisi, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Nimemaliza mwezi uliopita, na mafundi wenzangu hawaachi kuniuliza kama kozi inastahili ada ile. Inastahili. Lakini nisikilizeni hadi mwisho.

Wiki ya kwanza tepu ziliwekwa kando. Kila mmoja alipewa sanamu dogo, nusu ya kimo cha mtu, na kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe kisichotiwa rangi ambacho nyanya zetu walikiita kwa jina la nchi kilikotoka. Madeleine Vionnet wa Paris alibuni gauni zake hivyo hivyo, juu ya mwanasesere wa mbao. Faida nimeiona mfukoni: nusu kwa urefu, nusu kwa upana, kwa hiyo jaribio zima linakula robo tu ya kitambaa.

Somo la hanamu ndilo lililonifungua macho. Mimi hanamu nilikuwa naikata ya kumalizia shingo na kwapa, basi. Hapa tulikata gauni zima kwa digrii 45, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) vikipita mwilini kimshazari. Mwalimu akakataza kabisa kupinda pindo. Likatundikwa kutoka Jumanne. Alhamisi nikalikuta limeshuka vidole vitatu upande wa kushoto, kulia limebaki palepale, maana nyuzi za mtande na za mshindio hazivutiki sawa zikibeba uzito. Nikasimama mbele ya lile gauni nikikumbuka sketi ya bibi harusi mmoja iliyorudishwa kwangu pindo likiwa mawimbi. Kumbe nililipinda siku ile ile niliyoikata. Ningeliacha litulie siku mbili tu, yule dada angevaa kitu kilichonyooka.

Tulipitia pia mbinu ya Mwingereza Julian Roberts: huchori umbo la nje la vazi, unatoboa mashimo katika bomba kubwa la kitambaa na mwili unapita humo. Inapendeza sana, ingawa kwa wateja wangu ni ya nadra.

Sasa malalamiko. Bloku zote tulizopewa, yaani paterni za msingi za kuanzia, zilichorwa kwa mwili mwembamba wa nyonga, mgongo umenyooka kama rula. Wateja wangu wengi, kiuno na nyonga vinatofautiana inchi 14, wengine 16, na sketi isiyolijua hilo hupanda nyuma mtu akitembea. Nilipouliza, nikaambiwa hayo nitarekebisha kibandani. Hapana. Chuo kiko Nairobi, kinafundisha watakaovalisha watu wa Nairobi. Mwili wa mwanamke wa hapa si marekebisho, ndio mahali pa kuanzia. Niliandika hivyo katika fomu ya maoni, na jina langu nikatia.

Kazi yangu ya mwisho nilikataa bloku zao. Nilipima mteja wangu wa siku nyingi, nikanunua doti ya leso Biashara Street, nikajipa sharti: pindo la leso lisikatike na jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke. Siku nne nilihamisha dati, ule mkunjo unaoshonwa ili nguo ifuate mwili, kwenye karatasi, kutoka ubavuni hadi begani, kutoka begani hadi shingoni, ncha ikielekea kifuani kila mara. Hatimaye ikaingia ndani ya mshono wa pindo, haionekani. Jina likakaa mgongoni, sawasawa chini ya mabega. Vipande vilivyobaki vilinienea kiganjani.

Ukienda, beba mkasi wako mwenyewe, ule wa chuo unatafuna kitambaa. Na beba vipimo vya mtu halisi, kuanzia siku ya kwanza.