Pini kwa wote au siri ya wachache?

Sisi tunaozunguka magofu ya Tabora hatuachi kubishana: ukikuta nyumba iliyotelekezwa, uitupie pini, yaani alama ya ramani ya simu inayoonyesha ilipo, kwenye kundi la mtandaoni au umnong'oneze mtu mmoja?

Kwa uhai wa jengo, siri inashinda kwa mbali. Reli ilifika Tabora 1912, na majengo ya enzi zile yana vyuma ambavyo wauza chuma chakavu wanavimezea mate. Pini ikisambaa leo, keshokutwa bawaba hazipo. Kuna dirisha moja nililipenda mno. Picha yangu ndiyo iliyoliponza.

Kwa usalama, pini ina nguvu. Sakafu iliyooza ikikumeza, watu wanajua pa kukutafuta. Ingawa hata mwenye siri anaweza kumwachia ndugu yake ramani. Ruhusa ya mwenye eneo unaihitaji vyovyote vile.

Gharama? Bando tu.

Tembe la Livingstone pale Kwihara ni makumbusho tayari, litangaze utakavyo. Nyumba isiyo na mlinzi, mwambie yule ambaye ungemwachia funguo za kwako. Ila ukuta ukiwa umeinama na watoto wanacheza chini yake, mwenyekiti wa mtaa aambiwe siku hiyohiyo.